Kuzaa Nako ni Kazi



Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nusu ya pili ya methali hii sina ubishi nayo. Nusu ya kwanza, nadhani, ilisemwa na mtu aliyepata watoto wake bila ya kungoja. Mimi niliolewa hapa Nanighi, kando ya Mto Tana, nikakaa miaka minane kabla ya kumpakata mtoto wangu. Katika miaka hiyo niliona kwamba kuzaa nako kwaweza kuwa kazi: kazi ya mwili, kazi ya moyo, na zaidi ya yote kazi ya kustahimili ndimi za watu. Akina mama wa darsa letu la Ijumaa wameniomba niyaandike niliyoyapitia, kwa kuwa miongoni mwao wamo wanaongoja kama nilivyongoja, na wamo waliojaaliwa lakini watoto wao hawanenepi. Nami nimeona mambo haya mawili ni jambo moja. Yote ni amana ya uhai, na yote huharibika kwa kutojua.

Lugha yetu ina maneno mawili mazito, tasa na mgumba, na aghalabu hutupiwa mwanamke kabla mwanamume hajaulizwa hata swali moja. Madaktari wana kipimo chao kilicho cha haki zaidi. Shirika la Afya Duniani husema kuwa wenye tatizo la uzazi ni mume na mke waliokaa pamoja kwa miezi 12 au zaidi, bila ya kinga yoyote, na mimba isipatikane. Mwaka 2023 shirika hilo lilitangaza kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya sita duniani hupatwa na tatizo hili katika maisha yake. Basi ewe dada unayelia peke yako usiku, jua kuwa hu peke yako. Tena chanzo hakiko kwa mke tu. Mara nyingine kiko kwake, mara nyingine kwa mume, mara nyingine kwa wote wawili, na ziko ndoa ambazo vipimo vyote huwa vizuri na bado mimba haiji.

Dini yetu haikumfanya asiyezaa kuwa mtu pungufu. Katika Suratu Shura, aya ya 49 na ya 50, Mwenyezi Mungu ametueleza kuwa Yeye humpa amtakaye mabinti, humpa amtakaye wana wa kiume, huwachanganyia wengine, na humjaalia amtakaye asizae. Hayo yote ni mgawo Wake. Nabii Zakariya (a.s.) alizeeka bila ya mtoto, na hakuna anayethubutu kusema alikuwa na kasoro mbele ya Mola wake. Na Bibi Aisha (r.a.) hakuzaa, ilhali ni mama wa waumini wote, na aliitwa Ummu Abdillah kwa jina la mwana wa dada yake, Abdullah bin Zubeir. Nilikuwa nikilikumbuka hilo kila nilipoitwa kwenye arusi na kuulizwa, “Mama nani?”

Mwaka wa kwanza wa ndoa watu walitutania. Mwaka wa pili walinitazama tumbo. Mwaka wa tatu waliacha kunitazama, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Jumatatu na Ijumaa asubuhi wanafunzi husimama mstarini, bendera hupandishwa, wimbo wa taifa huimbwa. Sisi Wapokomo twajua jambo ambalo wengi katika Kenya hawalijui: sauti ya wimbo huo imetoka kwetu, katika wimbo wa kubembeleza mtoto uliotolewa na mzee wetu Meza Moraa Galana, nayo kamati ya wanamuziki ikaufanyia kazi mwaka 1963 nchi ilipokuwa ikielekea uhuru. Nchi nzima husimama wima kwa sauti ambayo mama Mpokomo humtulizia mwanawe. Nilisimama mbele ya watoto mia tatu wa watu wengine, mikono ubavuni, nikiisikia sauti hiyo mara mbili kila juma, na sikuwa na wa kumbembeleza.

Mavyaa wangu si mtu mbaya, nami nasema haya naye akijua kuwa nayaandika. Lakini alikuwa mama aliyetaka kumwona mjukuu kabla ya kufa. Siku moja alimwambia mume wangu mbele yangu, “Mwanangu, sheria imekupa wanne.” Hakukosea katika sheria. Ila nimejifunza kuwa kuoa mke wa pili si dawa ya ugonjwa usiopimwa. Ikiwa chanzo kiko kwa mume, yule bibi arusi wa pili ataletwa ndani ya nyumba alie kilio kile kile, na wa tatu baada yake. Je, ni uadilifu kumwingiza binti wa watu katika shida ambayo kipimo kimoja kingeifichua?

Tulitafuta dawa kama wanavyotafuta wote. Nilisomewa ruqya, nikanywa kombe, na siyakatai hata leo, kwani moyo uliovunjika huhitaji maneno ya Mola wake. Lakini muuza dawa za miti katika mji mmoja alituuzia chupa tatu kwa fedha ambazo zingetosha mbuzi wawili, akatuambia nimefungwa na jirani mwenye husuda. Chupa zilikwisha, mimba haikuja, na kilichobaki ni mimi kumtazama jirani yangu kwa jicho ambalo hakulistahili. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta tiba, na kwamba Mwenyezi Mungu hakushusha maradhi ila ameyashushia dawa. Kutafuta tiba basi ni ibada, bali sharti kwanza maradhi yajulikane.

Aliyeyajua yangu alikuwa muuguzi mmoja wa kliniki, mwanamke wa makamo. Aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: “Mwalimu, ulipokuwa mtoto, ulipata kukojoa damu?”

Nikacheka. Nikamwambia, “Dada, nani aliyekulia hapa asiyekojoa damu?”

Hakucheka. Alinieleza habari ya kichocho, na tangu siku hiyo nimeutazama mto wetu kwa macho mengine. Wasomaji wa mbali yawapasa wajue kuwa Nanighi ndipo palipowekwa pampu za kuinua maji ya Tana na kuyapeleka kwenye mashamba ya umwagiliaji ya Bura, mradi uliopokea wakulima wake wa kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mto na mifereji ilitupa mahindi na pamba. Ilitupa pia maji yaliyotulia, na katika maji yaliyotulia huishi konokono wadogo wanaobeba vijidudu vya kichocho. Mtoto akioga au akifua humo, vijidudu hupenya ngozi yake bila ya yeye kuhisi, hukua kuwa minyoo ndani ya mishipa ya damu, na minyoo hiyo hutaga mayai. Mayai mengine hutoka na mkojo, na hiyo ndiyo damu tuliyoiona utotoni tukadhani ni dalili ya kukua. Mengine hayatoki. Hunasa katika kibofu, na kwa mwanamke hunasa katika njia ya uzazi, mlango wa kizazi na hata mirija, yakaacha makovu.

Wataalamu hukadiria kuwa wanawake na wasichana milioni 56 hivi, wengi wao barani Afrika, wana kichocho cha sehemu za uzazi. Dalili zake ni uchafu usio wa kawaida, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na damu isiyo ya hedhi. Tazameni basi hatari yake, dada zangu: dalili hizo hufanana na za magonjwa ya zinaa. Ni wanawake wangapi waliotuhumiwa na waume zao kwa maradhi waliyoyapata wakiwa na umri wa miaka tisa, wakichota maji ya kupikia? Kichocho hakiambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu. Ni ugonjwa wa maji. Dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo, nayo hugawiwa bure mashuleni katika sehemu zenye ugonjwa huu. Haiwezi kufuta kovu lililokwisha kukaa, na ndiyo maana ni bora mtoto aipate mapema kuliko mama kuipata amechelewa.

Muuguzi alinipa rufaa, akaongeza neno moja: “Usije peke yako. Njoo na mumeo.”

Nilimfikishia mume wangu maneno hayo, akanyamaza siku tatu. Simlaumu. Mwanamume wa kwetu hufundishwa kuwa nguvu na uzazi ni kitu kimoja, ilhali daktari alitueleza baadaye kuwa ni vitu viwili mbalimbali; mtu aweza kuwa mzima wa nguvu na mbegu zake zikawa chache. Lililomwondolea unyonge ni mazungumzo na imamu wetu baada ya sala ya Isha. Imamu alimwambia kuwa kupimwa si kumtilia shaka Mwenyezi Mungu, na kwamba hata kipimo cha manii kina njia yake ya halali baina ya mume na mke. Juma lililofuata tulipanda gari la abiria pamoja, alfajiri, tukaenda hospitali ya rufaa.

Vipimo vilichukua miezi, kwa kuwa kila safari ilikuwa na nauli yake na kila mvua ilikata barabara. Daktari wa kike alinifanyia uchunguzi wa ultrasaundi na wa damu, kisha nikapigwa eksirei ya mirija ya uzazi kwa kutiwa dawa inayoonyesha njia. Mrija mmoja ulikuwa umeziba, wa pili ulikuwa wazi. Mume wangu alikutwa na mishipa iliyovimba kwenye korodani, ambayo hupandisha joto mahali panapotaka ubaridi, na mbegu zake zilikuwa pungufu. Kwa hiyo mwenye kasoro alikuwa nani? Wote wawili, na hakuna. Tulirudi nyumbani jioni ile na mume wangu akamwambia mama yake yale yote, akianza na lake kabla ya langu. Katika miaka minane ya kungoja, hiyo ndiyo siku niliyojua kuwa nina mume.

Alifanyiwa upasuaji mdogo. Mimi nilipewa dawa. Akaacha sigara. Nami nikafundishwa kuhesabu siku zangu, kwani yai la mwanamke hutoka mara moja katika mzunguko, takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, nalo huishi kwa muda wa siku moja hivi. Daktari hakutuahidi kitu. Alisema, “Tumefungua mlango. Anayeingia si kwa amri yetu.” Ilipita miezi 11.

Walio katika hali ngumu kuliko yetu wajue pia kuwa ipo tiba ya kurutubisha yai nje ya mwili na kulirudisha katika kizazi cha mama. Mtoto wa kwanza duniani kwa njia hiyo alizaliwa Uingereza mwaka 1978, na hapa Kenya wa kwanza walizaliwa mwaka 2006. Wanazuoni hawakuchelewa kuitazama. Fatwa ya Al-Azhar ya mwaka 1980 iliiruhusu kwa mume na mke walio katika ndoa, kwa yai lake na mbegu zake, bila ya mtu wa tatu kuingizwa, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu likaja likafuata njia hiyo mwaka 1986. Gharama yake ni mamia ya maelfu ya shilingi, na kwa wengi wetu huko Tana ni mbali kama mwezi. Lakini ni vyema mtu ajue kilicho halali, asije akakatazwa na watu kile ambacho dini haikukikataza.

Nisiwafiche: si kila anayepima hupata. Shoga yangu mpenzi, tuliyesoma naye madrasa moja, alipimwa yeye na mumewe, wakatibiwa, wakaomba, na hawakujaaliwa. Ndugu wa mumewe alipofariki na kuacha mtoto mchanga wa kiume aliyekosa na mama, wao walimchukua. Sisi huiita kafala. Mtoto hubaki na jina la baba yake na haki zake za nasaba, na walezi humlea kama wao. Nayo Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitambua. Shoga yangu alikuwa na hofu moja: mtoto huyu akibaleghe, nitajisitiri mbele yake ndani ya nyumba yangu? Jibu lilipatikana katika titi. Dada yake, aliyekuwa ananyonyesha, alimnyonyesha yule mtoto zaidi ya mara tano zinazotajwa katika madhehebu yetu ya Shafii, kabla ya kutimiza miaka miwili. Dada akawa mama wa kunyonya, na shoga yangu akawa mama mdogo kwa maziwa, maharimu wa mtoto milele. Leo kijana huyo humbebea maji. Atakayemwita shoga yangu mgumba akumbuke kuwa hata Mtume wetu (s.a.w.) alinyonyeshwa na Bibi Halima wa Banu Saad, naye alimheshimu maisha yake yote.

Sasa niingie katika kulea, ambako methali inasema ndiko kwenye kazi.

Mwanangu alizaliwa hospitalini, msichana, alfajiri ya mwezi wa Rajabu. Mavyaa alikuwapo na chupa ya maji ya sukari tayari mkononi, kwa sababu hivyo ndivyo walivyopokewa watoto wake saba. Maziwa yangu ya kwanza yalikuwa machache, mazito, ya manjano. Akasema ni machafu, nikamue niyamwage. Kitanda cha pili alikuwapo bibi wa Kiorma, anamwuguza binti yake. Yule bibi akamwuliza, “Wewe huna ng'ombe?” Mavyaa akasema alipata kuwa nao. “Ndama akikosa dang'a unamfanyaje?” Mavyaa akajibu kuwa ndama aliyekosa dang'a haishi. Bibi akamtazama mtoto, akamtazama tena mavyaa, wala hakuongeza neno. Chupa ikarudi kikapuni.

Hekima hiyo ya wafugaji ndiyo aliyonieleza mkunga kwa maneno ya kitabibu. Dang'a ni chache kwa kuwa tumbo la mtoto mchanga ni dogo. Ina kinga nyingi dhidi ya maradhi, na yafaa mtoto awekwe titini ndani ya saa moja ya kuzaliwa. Tahniki tuliifanya, kwa kuwa ni sunna: mikono ilioshwa, ikawa ni athari tu ya tende laini kaakaani, si mlo. Asali hatukumpa, kwa maana madaktari huikataza kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Mna humo vijidudu ambavyo tumbo change haliwezi kupambana navyo.

Kisha zikaja zile wiki ambazo mtoto wa kuombwa huwa mtoto wa kijiji kizima. Kila mgeni ana shauri. Mtoto akilia, “Maziwa hayatoshi.” Jua likiwaka, na jua la Nanighi mwalijua, “Mpe maji.” Miezi mitatu ilipotimia uji wa mahindi uliletwa mlangoni na watu watatu mbalimbali, kwa mapenzi matupu. Mapenzi hayo ndiyo huwapeleka watoto wengi kliniki na kuharisha. Maziwa ya mama zaidi ya asilimia 80 ni maji, basi mtoto anayenyonya anakunywa. Miezi sita ya mwanzo hahitaji kingine, hata katika joto letu, ila dawa aliyoandikiwa. Na anayetaka kujua kama maziwa yanatosha asisikilize kilio, kwani mtoto hulia kwa mambo mengi. Atazame nepi: akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, na mkojo si wa manjano mazito, anapata. Atazame na kijitabu cha kliniki: mstari wa uzani ukipanda, anapata. Maziwa huongezeka kwa kunyonywa. Kila kikombe cha uji kinachoingia mapema hupunguza ombi la mtoto titini, na titi lisiloombwa hupunguza kutoa.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2008 na 2009 ulionyesha kuwa hapa Kenya watoto 32 katika kila 100 walio chini ya miezi sita walinyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Ule wa mwaka 2022 ulikuta ni 60. Basi mabadiliko yamewezekana. Mimi nilirudi darasani baada ya likizo ya miezi mitatu. Mdogo wangu alimleta mtoto wakati wa mapumziko, na siku ambazo hakuweza nilikamua alfajiri katika kikombe safi chenye kifuniko, kikawekwa penye ubaridi, akanywa kwa kikombe kabla ya joto kupanda. Chupa yenye chuchu ni ngumu kusafishwa penye maji ya shida. Na akina mama walioajiriwa wajue kuwa Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea.

Miezi sita ikitimia, hapo sasa maziwa peke yake hayatoshi, na hapa twakosea kwa upande wa pili. Tuliowahi kuwapa uji wa mapema huendelea kuwapa uji ule ule mwepesi mpaka mwaka, maji yenye rangi ya unga. Tumbo hujaa na damu haijengeki. Uji uwe mzito, usimiminike kwenye kijiko. Na tazameni Mola alivyotupa hapa mtoni: ndizi, maembe, papai, boga, viazi vitamu, mchicha, kunde, pojo, maziwa ya mifugo, mayai, perege na kambare. Nilianza na vijiko viwili vitatu vya boga na pojo zilizopondwa, mara mbili hata tatu kwa siku. Akiwa na miezi tisa alikula nusu kikombe mara tatu au nne, samaki aliyetolewa miiba na kuchambuliwa kwa vidole, ini la mbuzi lililopondwa, kiini cha yai. Kuanzia mwaka mmoja alikula chakula cha nyumba katika sahani yake mwenyewe, ili nijue amekula kiasi gani. Vyakula vyenye madini ya chuma ndivyo muhimu mno, kwani akiba aliyozaliwa nayo hupungua kufikia miezi sita. Chai ya rangi huzuia chuma kuingia mwilini. Mtoto hana haja nayo. Maziwa ya ng'ombe, mbuzi au ngamia yaliyochemshwa hufaa ndani ya uji, lakini yasichukue mahali pa titi kabla ya mwaka.

Limebaki jambo moja ambalo huzungumzwa kwa kunong'ona, nami nitalisema kwa adabu. Mtoto akidhoofu, nywele zikawa nyepesi na miguu ikavimba, watu husema amebemendwa. Yaani wazazi wamekutana kabla ya wakati, au mama amepata mimba angali ananyonyesha. Kwa aibu hiyo mama humficha mtoto ndani, humwachisha ziwa ghafla, na haendi kliniki asije akachekwa. Mtoto huyo ana utapiamlo, na utapiamlo una tiba. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Bibi Judama na iliyomo katika Sahihi Muslim, alikuwa karibu kuukataza mkutano huo wakati wa kunyonyesha, kisha akazingatia kuwa Warumi na Wafursi hufanya hivyo na watoto wao hawadhuriki. Likiwa suala hili Mtume alilitazama kwa kuangalia hali za watu, sisi twaona haya ya nini kumpeleka mtoto akapimwe mkono na uzani? Mimba ikija, mama aweza kuendelea kunyonyesha akila vizuri, na ampe mtoto mkubwa chakula zaidi. Bora zaidi ni kuachanisha uzazi. Qur'ani imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha katika Suratul Baqara, aya ya 233, na aya hiyo hiyo ikamtaka baba agharimie chakula na mavazi ya mama. Nasi twaikumbuka sehemu ya kwanza zaidi ya ya pili. Mama anayenyonyesha akilala na njaa, baba hajamlisha mtoto.

Basi nawausia. Uliyekaa mwaka mmoja bila ya mimba, au miezi sita ikiwa umri wako umepita 35, nenda ukapimwe, na uende na mumeo. Enyi wanaume, tangulieni ninyi. Kipimo chenu ni chepesi kuliko chetu. Enyi mama wakwe, yazuieni maneno mpaka vipimo visemwe. Mwenye mtoto anayekojoa damu asicheke, ampeleke zahanati. Na mwenye mtoto mchanga amlinde na mapenzi ya majirani kwa miezi sita, kisha amwite kila mmoja alete samaki. Wanawake wa Ansari walisifiwa na Bibi Aisha kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Nasi tuulize.

Mwenyezi Mungu awajaalie wanaongoja kilicho na kheri nao, awape subira waliokadiriwa kungoja zaidi, na awakuze watoto wetu katika afya na uchamungu. Amin.